Vumbi la Kiangazi na Kioo cha Darubini

Vumbi linalopanda nyuma ya gari huko Rungwa au Maswa wakati wa kiangazi, ukilishika mkononi, ni laini kabisa. Ndani yake, hata hivyo, mna chembe za kwatsi. Mwaka 1812 Mjerumani Friedrich Mohs aliyapanga madini kwa ugumu wake kuanzia 1 hadi 10, na kwatsi ikapata 7. Kioo cha kawaida kiko karibu na 5.5. Anayezijua tarakimu hizi mbili hapangusi tena lenzi ya darubini ya bunduki kwa pindo la shati, maana kila anapopangusa anakisugua kioo kwa kitu kilichokizidi ugumu.

Juu ya kioo chenyewe kuna kingine cha kulindwa, nao ni utando. Kioo kitupu hurudisha nyuma kama asilimia 4 ya nuru kwenye kila uso wake. Darubini ya bunduki ina lenzi kadhaa zilizofuatana, kwa hiyo nyuso kumi zisizo na utando hupoteza theluthi nzima ya nuru kabla haijafika jichoni, na sehemu ya nuru hiyo huzagaa ndani ya bomba na kuififisha sura ya mnyama. Mwaka 1935 mwanafizikia Alexander Smakula, mzaliwa wa eneo ambalo leo ni Ukraine, akiwa mfanyakazi wa Zeiss mjini Jena, alipata njia ya kukivika kioo utando mwembamba mno unaopunguza hasara hiyo. Unene wake ni kama sehemu moja ya elfu kumi ya milimita. Siku hizi darubini nzuri huwa na tabaka kadhaa za utando wa namna hiyo, na hupitisha zaidi ya asilimia 90 ya nuru. Tofauti yake huonekana magharibi, katika zile dakika chache ambapo pofu anatoka kichakani na jicho tupu haliwezi tena kutenganisha bega lake na kivuli cha mti.

Mtu hununua darubini kwa mamilioni ya shilingi kwa ajili ya dakika hizo, halafu akaitafutia kifuniko chochote kilicho karibu, mradi kinaingia. Naona hapo ndipo ufundi unapoachwa njiani. Kifuniko ndicho kinachoamua utando wa Smakula utaishi miaka mingapi, na ndicho kinachoamua pia kama mwenye bunduki ataona anachotaka kuona pale anapokitaka. Kazi hizi mbili zinavutana. Kinachofunga sana huchelewa kufunguka, na kinachofunguka upesi mno hufunguka hata bila kuombwa. Kukipata kilichosimama katikati, kikaendana na darubini moja na bunduki moja, ni kazi ya mtu mvumilivu.

Kabla ya vifuniko vya springi watu walijikinga kwa walichokuwa nacho. Katika Vita vya Pili vya Dunia darubini za wadunguaji zilivikwa vikombe viwili vya ngozi vilivyounganishwa kwa mkanda. Baadaye vikaja vikombe vya plastiki vinavyovutana kwa mpira, kimoja mbele na kingine nyuma. Wengine walikata kipande cha tyubu ya baiskeli wakakivuta kutoka lenzi ya mbele hadi ya nyuma. Tyubu ina heshima yake: huzuia mvua vizuri kuliko vifuniko vingi vya dukani. Ila kuitoa kunataka mkono, na ikitoka inaruka, na wakati mwenyewe anaitafuta majanini tandala ameshageuza shingo.

Kifuniko cha kufyatuka, ndicho hicho cha springi, kina vitu vinne tu. Kuna pete inayovaliwa na darubini, mlango, bawaba yenye springi ya kusokotwa, na kitufe cha kuachia. Kampuni ya Butler Creek ya Marekani ndiyo iliyofanya vifuniko vya aina hii vijulikane kwa wawindaji wa kawaida, ikitumia pete ya plastiki laini inayojibana yenyewe. Wengine, kama Tenebraex, walielekea kwenye pete ngumu za skrubu zinazofungwa kwenye uzi ulio ndani ya mdomo wa darubini. Pete ya skrubu ni imara zaidi na inagharimu zaidi, na lazima iwe imetengenezwa kwa ajili ya uzi wa darubini ile ile. Ile ya kujibana inavumilia darubini za kila namna, ikiwa tu kipimo kimechukuliwa sawasawa. Kwa bunduki ya kazi ya kila siku, inayolala kwenye gari na kubebwa begani, mimi nasimama upande wa pete ya kujibana iliyopimwa vizuri, kwa sababu ikipigwa na tawi huteleza kidogo, wakati ile ngumu huvunjika masikio ya bawaba.

Kosa la kwanza la wanunuzi ni kuiamini namba iliyoandikwa kwenye darubini. Ukisoma 3-12x56, hiyo 56 ni kipenyo cha lenzi ya mbele kwa milimita. Haihusu ukubwa wa chuma kinachoizunguka lenzi. Darubini ya lenzi ya 50 mara nyingi ina mdomo wa milimita 57 au 58 kwa nje, na mbili za kampuni tofauti zinaweza kupishana milimita nzima au zaidi. Upande wa jicho haujaandikwa namba yoyote. Kisha namba iliyochapwa kwenye kifuniko chenyewe, kwa watengenezaji wengi, si milimita wala inchi. Ni namba ya mstari katika jedwali la kampuni, na asiyeliangalia jedwali ananunua kwa kubahatisha.

Fundi mmoja wa bunduki wa Arusha, mtu mzima asiyependa maneno mengi, alikuwa na kalipa nzuri ya chuma juu ya meza yake na hakuigusa. Alikata kipande cha karatasi ya daftari, upana wa kidole, akakizungusha kwenye mdomo wa mbele wa darubini hadi ncha moja ikapanda juu ya nyingine. Akatoboa zote mbili kwa pini mahali zilipopishana. Akakinyoosha juu ya rula ya chuma na kupima kati ya tundu na tundu: milimita 181. Akagawa kwa 3.1416, akapata 57.6. Ndipo akachukua kalipa, akafunika meno yake kwa utepe mwembamba yasikwaruze rangi, akaruhusu unene wa utepe, na kalipa ikasema hivyo hivyo.

Kijana aliyekuwa akijifunza kwake aliuliza kwa nini aanze na karatasi.

“Ukikosea milimita moja kwenye karatasi, kipenyo kinakosea thuluthi tu,” alijibu. “Ukikosea milimita moja kwenye kalipa, umekosea yote.”

Hesabu yake ni sahihi. Mzingo ni zaidi ya mara tatu ya kipenyo, kwa hiyo kosa la kupima mzingo hupungua kwa kiasi hicho hicho linapogeuzwa kuwa kipenyo. Karatasi ina faida nyingine ambayo kalipa haina: huonyesha umbo. Mdomo wa darubini ukiwa umenyooka, kingo za karatasi hukutana barabara. Ukiwa unapanuka au kusinyaa kuelekea nyuma, karatasi hukaa mshazari na kingo zake hupishana. Pete iliyovalishwa kwenye mdomo unaosinyaa kuelekea mbele itatambaa milimita kwa milimita barabarani, hadi siku moja mwenyewe akute lenzi iko wazi na kifuniko kimebaki njiani.

Kuivalisha pete nako kuna utaratibu wake. Inasukumwa kwa viganja, inazungushwa kidogo, inasukumwa tena. Ikiwa imebana sana, maji ya moto huilainisha. Ikishakaa, fundi yule aliushika mlango kwa vidole viwili na kujaribu kuizungusha pete nzima. Ilikataa kwanza, kisha ikakubali kwa nguvu, na akaridhika. Inayozunguka kwa urahisi asubuhi ya baridi itazunguka yenyewe mchana, plastiki ikishapata joto la Oktoba. Mzunguko mmoja wa utepe wa fundi umeme chini ya pete unakubalika kuondoa ulegevu mdogo. Ikihitajika miwili, basi hicho si kipimo chake.

Halafu lipo swali la mlango kufungukia wapi, na hapa bunduki yenyewe ndiyo inayotoa jibu. Bunduki za bolti zilizojengwa kwa mfumo wa Mauser wa 1898 zina mkono unaoinuka nyuzi 90 kabla bolti haijarudi nyuma. Darubini ikiwa imefungwa chini, mkono huo hupita karibu mno na lenzi ya nyuma. Kifuniko huongeza milimita kadhaa za unene kila upande, na nafasi iliyokuwa ya kutosha inakwisha. Bolti ikiugonga mlango uliofungukia kulia, risasi ya pili haiingii. Kwa anayelenga kwa mkono wa kulia, mlango wa nyuma hufungukia kushoto au juu. Ukifungukia juu na kusimama wima, mnyama anaweza kuuona ukiinuka juu ya majani, na tawi linaweza kuunasa. Ukifungukia kushoto, anayelenga macho yote mawili yakiwa wazi hupoteza sehemu ya anachokiona kwa jicho la kushoto. Milango inayorudi nyuma kabisa na kulala juu ya bomba ni mizuri kuliko inayosimama wima, ila ile ya nyuma lazima iangaliwe isikwame kwenye pete ya kubadilishia ukuzaji.

Kuna darubini ambazo sehemu yote ya nyuma huzunguka mtu anapobadilisha ukuzaji. Hapo mlango huzunguka pamoja nayo. Uliopangwa kushoto katika ukuzaji wa 3 unaweza kuhamia kwingine kabisa darubini ikifikishwa 12. Fundi makini huizungusha sehemu hiyo kutoka mwanzo hadi mwisho, huku akiinua bolti kila hatua, kabla hajasema kazi imekwisha. Mbele nako hupitisha kipande cha karatasi kati ya pete na mtutu. Karatasi ikikwama, pete inaugusa mtutu, na bunduki inayoguswa mtutu haipigi pale ilipopigishwa zamani.

Bunduki za risasi kubwa zinaongeza jambo jingine. Risasi ya .375 H&H, iliyotoka mwaka 1912 na bado ni ya kawaida kwa uwindaji wa nyati, ina teke la kweli. Darubini yake huwekwa kwa kuacha nafasi kama milimita 90 kati ya kioo na jicho, na pete ya kifuniko hula sehemu ya nafasi hiyo. Aliyezoea darubini tupu atajikuta ukingo wa plastiki umesogea karibu na nyusi kuliko alivyodhani. Teke hilo hilo linaweza kuufunga mlango wa mbele uliokuwa wazi, ikiwa hakuna kitu cha kuuzuia ukishafunguka. Kipimo chake ni rahisi na hakihitaji risasi: bunduki ikiwa tupu na imekaguliwa, mlango ukiwa wazi, kitako hupigwa kwa kiganja mara kadhaa kwa nguvu. Mlango ukitikisika hadi nusu, kifuniko hicho ni cha bunduki ndogo.

Sauti nayo inapimwa. Springi kali huurusha mlango ukagonga bomba, na mgongano huo mdogo wa plastiki na chuma husikika mbali porini kabla jua halijachomoza. Watengenezaji wazuri huweka mpira mahali mlango unapofikia. Wasioweka, mwenye bunduki hujifunza kubonyeza kitufe kwa kidole gumba huku kidole cha shahada kikiupokea mlango na kuusindikiza. Wafuatiliaji nyayo wa vitalu vya uwindaji, ambao mara nyingi ndio wanaobeba bunduki ya mgeni, hufanya hivyo bila kutazama. Nimewaangalia kwa muda mrefu, na naona mikono yao inakijua kifuniko kuliko mwenye mali. Bunduki ipo begani, mtutu mbele, kitako nyuma, lenzi ya mbele inakabili matawi yote ya miombo njia nzima, na bado mlango haufunguki hata mara moja, kwa sababu kabla ya kuondoka walikwisha kugeuza kitufe upande usioguswa na matawi.

Kuzuia maji ni kazi ambayo vifuniko vingi hudai na vichache huiweza. Darubini za leo hujazwa naitrojeni na kuzibwa. Kampuni ya Leupold ya Oregon ilikuwa ya kwanza Marekani kuuza darubini isiyopata ukungu ndani kwa njia hiyo, mwaka 1947. Lakini naitrojeni haina la kufanya kuhusu nje ya kioo. Maji yakitua kwenye lenzi ya nyuma, kilichobaki ni kuyafuta, na kuyafuta ni kusugua. Kipimo cha kifuniko ni kukiwekea karatasi ya shashi ndani, kukifunga, na kumimina kikombe cha maji juu yake taratibu, pande zote, hasa kwenye bawaba. Bawaba ndipo maji hupenya mara nyingi. Shashi ikitoka kavu, mpira wa kuzibia unafanya kazi.

Ila kifuniko kinachoziba sana kina hatari yake, na watu wa pwani wanaijua. Kioo kilichopoa kwenye gari la kiyoyozi kufikia nyuzi 20 hushika umande mara kinapotoka kwenye hewa ya Rufiji au Kilwa wakati wa joto. Mlango ukifungwa juu ya umande huo, unyevu hukaa ndani, hauna pa kwenda. Dawa ni kuacha bunduki ipate joto la nje taratibu ndani ya mfuko wake, na kama kioo kimelowa, kukiacha wazi kivulini hadi kikauke, ndipo kifuniko kirudi kazini. Pumzi ya mdomo hufanya vivyo hivyo asubuhi za baridi za Longido: anayehema juu ya lenzi ya nyuma anapofungua mlango ameifunika upya kwa mvuke.

Milango ya uwazi, inayomwezesha mtu kuona kupitia kifuniko kilichofungwa, hupendwa na wengi. Mimi siipendi kwa kulenga. Plastiki hiyo haikung'arishwa kama lenzi, na vumbi likishaikwaruza, utando wote wa thamani uliopo nyuma yake hautakuwa na la kufanya. Inafaa kutambua kama kilichopo mbele ni mti au mnyama, basi.

Kwa nyati aliyejeruhiwa na kuingia kwenye kichaka kinene, ushauri wa wawindaji wengi ninaouamini ni kuvua vifuniko kabisa na kuviweka mfukoni, au kuvua darubini yenyewe na kutumia vilengeo vya chuma. Umbali hapo ni wa hatua chache, na kidole hakipaswi kuwa na kazi nyingine. Palahala wa mbali kwenye mbuga ya wazi ni habari tofauti. Yeye hukupa muda wa kulala chini, kufungua mlango wa mbele, kisha wa nyuma, na kuvuta pumzi. Anayechagua kifuniko bila kujiuliza anawinda nini na wapi, hata akinunua cha bei ya juu, amechagua nusu.

Uwindaji ulipigwa marufuku Kenya mwaka 1977, lakini darubini hazikutoweka huko. Zipo kwenye bunduki za kurushia sindano za usingizi, mikononi mwa madaktari wa wanyama wanaowafunga tembo vifaa vya kufuatilia mienendo yao au kumtibu kifaru. Baadhi ya kazi hiyo hufanyika kutoka kwenye helikopta, katikati ya upepo na vumbi la mapanga yake, na mlango uliosimama wima kwenye upepo huo huvuta mtutu pembeni. Kwao mlango unaolala juu ya bomba ni wa lazima.

Baada ya yote haya, kifuniko chenyewe kinahitaji kutunzwa, na hilo ndilo linalosahauliwa zaidi. Mtu hukisafisha kioo jioni kwa utaratibu mzuri: kwanza pampu ndogo ya mpira ya kupulizia, kisha brashi laini, mwisho kitambaa maalumu chenye dawa, kwa mizunguko kutoka katikati kwenda nje. Halafu anafunga mlango ambao upande wake wa ndani umejaa vumbi lile lile, na mtikisiko wa barabara unalimwaga juu ya kioo usiku huo huo. Mlango usafishwe kabla ya lenzi, bunduki ikiwa imeinamishwa ili vumbi lianguke nje. Bawaba isitiwe mafuta, maana mafuta hushika mchanga na mchanga huila springi. Unga kidogo wa grafaiti, uliochongwa kutoka kwenye penseli, unatosha kuifanya iteleze. Masikio ya bawaba yakaguliwe kwa kucha, hasa plastiki ikishaanza kupauka kwa jua, kwa sababu ufa huanzia hapo. Na kwenye sanduku la vifaa, pamoja na skrubu za akiba za darubini, kiwemo kifuniko cha pili cha mbele kilichokwisha kupimwa na kujaribiwa kwenye bunduki ile ile.